Nani Aliumia

Aliingia kibandani kwangu Mwenge saa nne na robo,
viatu vimeganda udongo wa Pugu.
Alikwenda kwa treni, akapanda kilima kwa miguu,
akalala pembeni ya msitu kwenye hema lake
na takataka zake zote, alisema, amerudi nazo.
Akanionyesha: mfuko mdogo, umepigwa fundo,
ndani kopo la maharage na betri mbili za tochi.
Nimewahi kuona wageni wa kila namna.
Anayetembeza taka zake kama cheti cha shule,
huyo alikuwa wa kwanza.

Akashika bangili nyeupe.
"Nani aliumia?"
Kiswahili chake cha Bukoba, kinakaa kwanza ndipo kinasema.
Nikacheka. Hakucheka.
Nikamwambia: ng'ombe, wa machinjio ya Vingunguti.
Alikuwa supu kwanza, bangili baadaye.
Mfupa ungetupwa, tukauchemsha kwa magadi kutwa nzima
hadi ukasahau ulikuwa wa nani.
Akairudisha polepole,
kama anayelaza mtoto asiye wake.

Kisha chanuo la rangi ya asali, lenye madoa.
"Na hili?"

Hapo ulimi ukawa mzito.
Chanuo hilo nimelirithi pamoja na kibanda
kutoka kwa shangazi yangu Nankoma.
Miaka kumi na moja limekaa nyuma ya kioo:
kwa wenye huruma nasema ni plastiki,
kwa wenye pesa nasema ni ng'amba.
Sikujibu. Nikalitia droo,
nikafunga droo kwa goti.

Akaona. Akahamia kwa twiga mweusi.
Nikaona leo yaishe.
Dada, huyo si mpingo.
Ni jakaranda lililokatwa na manispaa
barabara ipanuliwe, tukaokota gogo kabla ya wachoma mkaa.
Nimempaka kiwi ya viatu, mara tatu, na kumsugua kwa soksi.
Mpingo ungetaka miaka themanini,
huyu ametaka kopo moja na nusu.
Uso ukamchanua! Akamkumbatia twiga.
Miaka yote nimeuogopa uongo huu,
kumbe nilikuwa nalinda msitu.

"Kwa hiyo hakuna aliyeumia?"

Yupo. Mume wangu Likanda,
tezo lilimla kidole cha shahada mwaka wa mafuriko.
Kidole chenyewe hakipo, ningekuonyesha.
Na mimi hii vumbi ya msasa,
nikakohoa, wala sikukusudia.
Akashika kifua chake, akasema pole,
pole ya kweli, yenye maji machoni.

Bei gani?
Thelathini na tano.
Akasema kumi na tano.
Naapa, kwa sauti ileile ya pole.

Basi nikauliza mimi:
"Hapo sasa, nani aliumia?"

Feni ikazunguka. Kibanda cha jirani
mtu alikuwa anapiga patasi, ko, ko, ko.
Tukakutana kwenye ishirini na nane,
kila mmoja ameumia kidogo.
Hakutaka mfuko. Akamvisha twiga kanga yake,
akaondoka, shingo inachungulia begani.

Jioni nikapita dukani kwa Mangi kuchukua mche wa sabuni.
Sijui nini kilinipata, nikasema:
"Mangi, sabuni hii, nani aliumia?"
Akaniangalia juu ya miwani.
"Deni la unga tangu tarehe tisa,
halafu unaniuliza mimi nani ameumia?"

Nimenawa mara mbili. Kiwi haitoki kwenye kucha.
Na chanuo bado liko kwenye droo:
kuliuza siwezi tena,
kulitupa ni kama kumuua mara ya pili.
Usiku, nikipanga hesabu ya siku,
kuna safu moja naiacha wazi.
Sijui niiandike mapato
au niiandike jina.